Ruta ya Pili Nyumbani: Jina Moja, Kazi Nne

Kuongeza chombo cha mawimbi katika nyumba ambayo tayari ina mtandao wa waya ni kazi ndogo. Fundi aijuaye huimaliza kwa muda mfupi, na vifaa avitakavyo ni kompyuta moja na waya mmoja. Walakini kazi hii ndogo huharibika mara nyingi, na aghalabu ubovu wake hautokani na chombo wala na waya. Hutokana na jina. Chombo kinachoongezwa huitwa ruta, na nyumba ile ilikuwa na ruta tayari. Mwenye nyumba hudhani kwamba kila ruta hufanya kazi moja ijulikanayo kwa jina hilo. Basi hukiunganisha chombo kipya bila kukibadili, na mtandao uliokuwa ukienda vema tangu miaka ukaanza kukatika.

Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na papo hapo yanachungua maneno yatumiwayo kuieleza kwa Kiswahili. Mambo hayo mawili hayakukutanishwa kwa kupenda tu. Maelezo yakitumia neno moja kwa vitu viwili, msomaji atakosea hata ikiwa kila sentensi ni sahihi. Na maneno yakitungwa bila kukijua chombo, yatapendeza katika orodha na kumpotosha fundi.

I. MTANDAO ULIOPO

Na ichukuliwe nyumba moja ya ghorofa kuwa mfano. Waya wa nuru umetoka barabarani na kuingia ukutani karibu na mlango wa mbele. Hapo pana kisanduku cha kampuni kigeuzacho nuru kuwa umeme, na kando yake iko ruta ya kwanza, isiyokuwa na mawimbi. Kutoka kwenye ruta hiyo nyaya zimepitishwa ndani ya kuta: mmoja waenda sebuleni, mmoja chumba cha kusomea, na mmoja ghorofani. Kompyuta ya mezani, printa na televisheni zimeunganishwa kwa nyaya hizo. Lakini wakazi wana simu za mkononi zisizokuwa na tundu la waya huo, na kompyuta mpakato ambazo nyingi hazina tundu hilo pia. Hapo ndipo haja ya mawimbi ilipozaliwa.

Waya wa namna hii una nyuzi 8 za shaba zilizosokotwa mbili mbili kuwa jozi 4, na kwa kanuni urefu wake usizidi mita 100 baina ya chombo na chombo. Ni nadra nyumba kufikia kipimo hicho. Neno lenyewe limetoka Kiingereza, lakini limekwisha kuwa mwenyeji: wasemaji wengi huliweka pamoja na wavu, nyavu na wakati, nyakati, wakasema waya huu, nyaya hizi, na wengine huliacha katika jamii ya maneno ya kukopa, wakasema waya hii, waya hizi.

Kila kifaa katika mtandao kina anwani. Kwa mpango ulioenea majumbani, anwani ni namba nne zitengwazo kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Kanuni iliyotolewa mwaka 1996 ilitaja mafungu ya anwani yaliyowekwa kwa matumizi ya ndani tu, na fungu mashuhuri katika hayo ni lile lianzalo na 192.168. Anwani za fungu hili hazipelekwi nje. Kwa hiyo nyumba nyingi mno zaweza kutumia anwani 192.168.1.1 pasipo kugombana, kama vile kila shule iwezavyo kuwa na chumba namba 1. Lakini ndani ya mtandao mmoja, kama ilivyo ndani ya shule moja, namba moja haiwezi kuwa ya wawili.

II. KAZI NNE KATIKA GANDA MOJA

Kisanduku kiuzwacho madukani kwa jina la ruta si chombo kimoja. Ni vyombo vinne vilivyotiwa katika ganda moja.

Kazi ya kwanza ni kupanga njia. Ujumbe utokao kwenye kompyuta hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hubeba anwani ya kiendako. Kipande kiendacho kwa kifaa cha nyumba ile ile hakihitaji msaada. Kiendacho nje hupitia kwa kipanga njia. Hapo anwani ya ndani ya mtumaji huondolewa, na badala yake huandikwa anwani moja ya nje ambayo kampuni imeipa nyumba nzima. Kipanga njia hukumbuka ni nani aliyetuma, ili jibu likirudi likabidhiwe mwenyewe. Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Shule yenye wanafunzi mia tano huwa na Sanduku la Posta moja. Barua zote huja kwa namba ya sanduku hilo, na karani ndiye ajuaye nani analala bweni gani.

Kazi ya pili ni kugawa anwani. Kifaa kipya kiingiapo katika mtandao huuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote kama yuko awezaye kukipa anwani. Kigawa anwani hujibu, hukikopesha anwani kwa muda fulani, na kukiarifu jambo jingine lililo kubwa zaidi: anwani ya mlango wa kutokea nje. Kifaa hakina njia nyingine ya kuujua mlango huo, isipokuwa mtu akiandikie kwa mkono.

Kazi ya tatu ni ya swichi. Nyuma ya kisanduku pana matundu, aghalabu manne, yapokeayo nyaya za nyumba. Swichi huyaunganisha matundu hayo, na kupeleka kila kipande cha ujumbe kwenye waya wa kifaa kinachohusika. Kando yake pana tundu moja la peke yake, ambalo mara nyingi lina rangi nyingine. Hilo ndilo tundu la nje, na si mali ya swichi: limewekwa kwa ajili ya kipanga njia.

Kazi ya nne ni kurusha na kupokea mawimbi. Sehemu hii ni kama swichi ambayo nyaya zake hazionekani. Kifaa kilichojiunga nayo huwa katika mtandao ule ule wa nyumba, sawa na kilichoingizwa waya.

Ruta ya kwanza katika mfano huu hufanya kazi tatu za mwanzo. Kitakiwacho na wakazi ni kazi ya nne tu. Lakini dukani kazi ya nne mara nyingi huuzwa pamoja na zile tatu, chini ya jina lile lile.

III. MANAHODHA WAWILI

Mwenye nyumba hukipeleka chombo kipya ghorofani, akauchukua waya utokao ukutani, akauchomeka katika tundu mojawapo la yale manne, na kuwasha umeme. Taa zinawaka, simu inayaona mawimbi, na kazi yadhaniwa imekwisha.

Kama viwanda vimezipa ruta zote mbili anwani 192.168.1.1, jambo litokealo mara nyingi, basi mtandao una vifaa viwili vidaivyo namba moja, na vipande vya ujumbe hupotea baina yao. Hata kama anwani zao ni mbali mbali, sasa kuna vigawa anwani viwili. Simu iulizapo, huchukua jibu la yule aliyetangulia kujibu. Ikijibiwa na ruta ya kwanza, huonyeshwa mlango wa kweli, nayo intaneti hupatikana. Ikijibiwa na ruta ya pili, huonyeshwa ruta ya pili yenyewe kuwa ndiyo mlango. Na ruta ya pili haina pa kutokea, kwa kuwa tundu lake la nje li tupu. Kwa hiyo simu ya mama yaweza kupata intaneti na ya baba isipate, na muda wa mkopo wa anwani ukiisha, mambo yakageuka. Hata kompyuta ya mezani, ambayo haikuguswa, yaweza kuambukizwa ugonjwa huo.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauonyeshi mahali pake. Nyaya ni nzima, taa zinawaka, na alama ya mawimbi imejaa. Basi kampuni hulaumiwa, au chombo hurudishwa dukani. Lakini wahenga walikwisha sema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wala hawakusema kwamba nahodha mmojawapo alikuwa mbovu.

IV. KUIPUNGUZIA RUTA KAZI

Njia ifaayo nyumba nyingi ni kuiondolea ruta ya pili kazi mbili za mwanzo, ikabaki swichi na kituo cha mawimbi. Mpangilio wa hatua si wa bure. Kila moja ina sababu ya kuwekwa hapo.

1. Ruta ya pili iwashwe ikiwa peke yake, kabla haijaunganishwa na mtandao wa nyumba. Kompyuta moja iunganishwe nayo kwa waya, katika tundu mojawapo la yale manne. Hivyo hakuna nahodha wa pili wa kuchanganya mambo.

2. Ufunguliwe ukurasa wa mipango ya ruta hiyo kwa kuandika anwani yake mahali pa kuandikia anwani za tovuti. Anwani na neno la siri la kiwandani huandikwa mara nyingi chini ya ganda. Neno hilo libadilishwe pale pale, kwa kuwa maneno ya kiwandani mara nyingi hujulikana na wengi.

3. Mtandao wa mawimbi upewe jina na neno la siri. Namna ya ulinzi ichaguliwe ile ya WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, au WPA2, ya mwaka 2004, kwa ajili ya vifaa vya zamani. Namna ya kwanza kabisa, WEP, isitumiwe. Udhaifu wake umejulikana hadharani tangu mwaka 2001.

4. Anwani ya ruta ya pili ibadilishwe ili ifanane na mtandao wa nyumba pasipo kugongana na mtu. Kama ruta ya kwanza ni 192.168.1.1, nayo hugawa anwani kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, basi 192.168.1.2 yafaa: imo katika mtandao ule ule, na imo nje ya fungu linalogawiwa. Ruta ikiisha pokea badiliko hili, ukurasa wake hupatikana kwa anwani mpya, wala si kwa ile ya zamani.

5. Kigawa anwani cha ruta ya pili kizimwe. Hatua hii yafuata ya nne kwa sababu baada yake kompyuta haitapewa anwani na ruta hiyo tena.

6. Waya wa ghorofani uchomekwe katika tundu mojawapo la yale manne, wala si katika tundu la nje. Tundu la nje libaki tupu. Waya uwe mmoja tu. Nyaya mbili kati ya vyombo viwili hivyo huweza kufanya duara, na ujumbe ukazunguka humo bila kikomo hata mtandao wote ukasimama.

7. Mwishowe simu ijiunge na mawimbi na itazamwe imepewa anwani gani. Ikiwa imo katika fungu la ruta ya kwanza, na mlango wake wa nje ni 192.168.1.1, kazi imekamilika.

Ruta nyingine zina chaguo moja la kuzigeuza kuwa vituo vya mawimbi tu. Chaguo hilo likiguswa, kazi mbili za mwanzo huzimwa pamoja, na kwa kawaida tundu la nje nalo hugeuka kuwa tundu la ndani. Hapo waya waweza kuchomekwa katika tundu la nje pasipo madhara. Msomaji aliyekariri hatua bila kuzielewa ataona kwamba maelezo mawili yanapingana. Aliyezielewa kazi nne ataona ni jambo moja.

V. RUTA NYUMA YA RUTA

Ipo njia ya pili, nayo si kosa kama inatakiwa kwa makusudi. Waya wa ghorofani huchomekwa katika tundu la nje la ruta ya pili, na kazi zake zote nne huachwa. Ruta ya kwanza huiona ruta ya pili kama kifaa kimoja. Ruta ya pili nayo huwa na mtandao wake nyuma yake. Lazima mitandao hiyo iwe na anwani mbali mbali, mathalani 192.168.1 kwa wa kwanza na 192.168.2 kwa wa pili. Kama sivyo, kipanga njia hakitajua ndani ni wapi na nje ni wapi.

Kwa mfano wa Sanduku la Posta, hii ni shule yenye karani wa ofisi na karani wa bweni. Barua ziendazo na majibu yake hupita kwa wote wawili bila taabu, na kusoma tovuti kwaendelea kama kawaida. Taabu huanza kwa barua ambayo haikutanguliwa na ombi, kama vile mtu aliye safarini atakapo kuitazama kamera ya nyumbani moja kwa moja. Karani wote wawili lazima wawe wamekwisha agizwa impeleke kwa nani. Kadhalika simu iliyo nyuma ya ruta ya pili huenda isiione printa iliyo nyuma ya ruta ya kwanza, kwa kuwa wito wa kutafuta printa hauvuki kipanga njia, ijapokuwa printa hiyo yaweza kufikiwa kwa kuandikiwa anwani yake.

Watu wengine hutumia njia hii kuwatenga wageni na vifaa vya wenye nyumba, nao huwaweka wageni katika mtandao wa pili. Hilo ni kinyume cha inavyopasa. Aliye nyuma ya ruta ya pili aweza kuvifikia vifaa vya mtandao wa kwanza, maana kwake viko upande wa nje. Aliye katika mtandao wa kwanza hawezi kuanzisha safari ya kuingia wa pili. Kwa hiyo wageni ndio wakae wa kwanza, na wenye nyumba nyuma yao.

VI. MAWIMBI NA KUTA

Mawimbi ya majumbani hutumia zaidi sehemu mbili: ya gigahezi 2.4, ambayo urefu wa wimbi lake ni kama sentimita 12, na ya gigahezi 5, ambayo wimbi lake ni kama sentimita 6. Ya kwanza hufika mbali zaidi na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini majirani wengi huigombea. Na katika njia zake ni tatu tu, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, zitumiwazo pamoja bila kuingiliana. Ya pili ina nafasi kubwa na kasi zaidi, ila huchoka upesi ikikutana na ukuta.

Zege lenye nondo, bati, kioo cha kujitazamia na tangi la maji ni maadui wa mawimbi. Nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Lamu na Unguja, zina kuta nene mno, na chumba kimoja chaweza kuwa na mawimbi tele na cha pili kisiwe nayo. Hapo waya ndio ukombozi: kwa kuwa umekwisha kupita ukutani, kituo cha mawimbi huwekwa upande wa pili wa ukuta badala ya kuyalazimisha mawimbi kuupenya. Nyumba kubwa yaweza kuwa na vituo viwili au vitatu hivyo, vyenye jina na neno la siri moja, kila kimoja katika njia yake.

VII. MAJINA

Yaliyoelezwa juu yatosha kuonyesha kwamba tatizo la ruta si umaskini wa Kiswahili. Mwingereza naye hutumia jina moja kwa kisanduku kizima, na ijapokuwa asili ya jina hilo katika lugha yake ni njia, hakingwi na kosa lile lile. Kasoro iko katika kukiita chombo cha kazi nne kwa jina la kazi yake mojawapo.

Katika tafsiri za Kiswahili huonekana majina mawili ya kutungwa, kipanga njia na kisambaza data, kando ya ruta lisemwalo na mafundi. Kipanga njia ni neno la muundo mzuri, wa ukoo mmoja na kipaza sauti na kinasa sauti. Lakini kipaza sauti hupaza sauti tu, wakati ruta hufanya mengi. Zaidi ya hayo, chombo kikiisha tengenezwa kwa njia ya kwanza iliyoelezwa hapa, hakipangi njia yo yote. Kukiita kipanga njia ni kukipa jina la kazi ile ile ambayo fundi amekinyang'anya. Kisambaza data lina upungufu wa upande mwingine: swichi husambaza, kituo cha mawimbi husambaza, na kipanga njia husambaza; jina limekuwa pana hata halitengi.

Ruta, kwa upande wake, halina maana yo yote ya Kiswahili ndani yake, na kwa kazi hii huo ni wema wake. Halimwahidi msomaji kazi ye yote. Laweza kuachwa kuwa jina la ganda, na majina ya muundo wa ki- yakawekwa kwa kazi zilizomo, ambazo kila moja ni moja kweli. Mgawo waweza kuwa hivi:

ruta: kisanduku kizima kama kiuzwavyo;
kipanga njia: sehemu ipelekayo ujumbe nje na kuupokea;
kigawa anwani: sehemu ikopeshayo vifaa anwani;
swichi ya mtandao: sehemu iunganishayo nyaya za ndani;
kituo cha mawimbi: sehemu irushayo na kupokea mawimbi.

Neno swichi limeongezewa ya mtandao kwa sababu nyumbani swichi ni ile ya taa, na mtu akiambiwa azime swichi atakwenda ukutani. Vivyo hivyo neno kifurushi, ambalo lingefaa kwa kipande cha ujumbe, limekwisha kaliwa na biashara: kifurushi cha intaneti ni kile kinunuliwacho kwa siku au kwa mwezi.

Neno lihitajilo uangalifu zaidi ni waifai. Lilianza kuwa jina la biashara, Wi-Fi, mwaka 1999, kwa vyombo vifuatavyo kanuni za IEEE 802.11 zilizotolewa kwanza mwaka 1997. Katika usemi wa kila siku limepanuka hata likawa intaneti yenyewe. Mtu husema waifai imekatika, na sentensi hiyo yaweza kuwa na maana tatu: mawimbi hayaonekani, au mawimbi yanaonekana lakini simu haikupewa anwani, au anwani imepatikana lakini waya wa barabarani umekatika. Maradhi ni matatu na dawa zake ni tatu. Fundi mwenye majina ya kazi nne huyatenga kwa maswali mawili au matatu. Asiyekuwa nayo hupanda ghorofani kuzima na kuwasha.

Limebaki neno lenyewe la kutokuwa na waya. Tafsiri husema mtandao usio na waya, au kwa ufupi pasiwaya. Majina hayo yote hutaja kisichokuwapo. Madhara yake si ya nadharia tu: mnunuzi hufikiri kwamba chombo hakihitaji waya, akakiweka mahali asipoweza kukifikishia waya wo wote. Kumbe hewani ni hatua ya mwisho ya safari, kutoka kwenye kituo hadi mkononi. Safari iliyobaki yote ni ya waya.

Kiswahili kilikwisha kutana na jambo hili zamani. Neno simu latokana na Kiajemi, ambamo sim ni fedha na pia ni waya. Waya wa baharini wa simu ya maandishi, uliotoka Aden kwenda kusini, ulifika Unguja mwaka 1879. Mawasiliano yasiyotumia waya yalipokuja baadaye, wasemaji hawakuyaita simu isiyo na simu. Waliyaita simu ya upepo, na jina hilo husikika mpaka leo kwa redio za kuitana. Kwa asili ya maneno, simu ya upepo ni waya wa upepo. Mgongano huo haukumsumbua mtu, kwa sababu maana ya waya ilikuwa imekwisha kufa ndani ya neno simu, na upepo ulitaja kilichopo badala ya kisichopo.

Hapana shaka mawimbi hayabebwi na upepo. Lakini elimu isiyo sahihi ndani ya jina si kizuizi cha jina. Mwaka 1973 Robert Metcalfe, akiwa katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, aliuita mtandao wake Ethernet kwa kukumbuka etha, kile kitu kilichodhaniwa zamani kuwa kimeenea ulimwenguni pote na kuibeba nuru, na ambacho wanafizikia walikuwa wamekwisha kukiacha. Baadhi ya fikra zake zilitokana na ALOHAnet, mtandao wa redio ulioanza kazi katika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1971. Basi Ethernet, jina litokanalo na kitu cha angani, leo ni jina la mtandao wa nyaya. Na simu, jina litokanalo na waya, leo hupita hewani. Lugha zote mbili zinasikilizana vema na wenyeji wake.

Kwa kufuata mfano wa simu ya upepo, mtandao wa mawimbi wafaa kuwekwa mkabala na mtandao wa waya. Majina hayo mawili yana muundo mmoja, yote mawili hutaja kilichopo, na hayafichi kwamba katika nyumba moja mtandao wa mawimbi huning'inia kwenye mtandao wa waya. Neno wimbi lilikwisha zoewa katika habari za redio, na halimtaki msomaji ajifunze neno jipya.

Ubora wa majina hupimwa kwa kuona kama yanaweza kubeba kanuni katika sentensi moja bila maelezo ya ziada. Kanuni ya kuongeza ruta ya mawimbi, kwa maneno yaliyotajwa hapa, ni hii: katika mtandao mmoja pawe na kipanga njia kimoja na kigawa anwani kimoja, swichi za mtandao na vituo vya mawimbi viwe vingi kadiri ya haja. Sentensi hiyo haisemeki kwa neno ruta peke yake, wala kwa kisambaza data, wala kwa waifai. Mwenye nyumba aliyeisikia atajua azime nini kabla hajachomeka waya.